Punda Afe, Mzigo Ufike?

  

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya watu wachache ambao kazi yao haisifiwi sana. Ni watu waliotoa miaka yao yote ya kazi kuwaokoa farasi na punda wanaoteseka. Pengine mmoja wenu acheka huko aliko, akisema, "Je, watu wamekwisha kuokolewa wote, hata tuhubiriwe habari za punda?" Ndugu, swali lako ni jema. Twakuomba usifunge redio. Utupe dakika chache, nasi tutalijibu.

Tuna mithali inayosema, heri punda afe, mzigo wa bwana ufike. Twaitamka tukicheka, hasa tunapolalamika juu ya kazi nzito na mshahara mdogo. Lakini tuipime. Punda akifa njiani, mzigo utafikaje? Utalala hapo matopeni mpaka mtu mwingine aje kuubeba. Na huyo mwingine ni nani? Hilo ndilo jambo tunalotaka mlifikirie pamoja nasi.

Historia ya nchi yetu yenyewe yatufundisha. Mnamo Septemba mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipokuwa imeanza tu, majeshi ya Wadachi yalivuka mpaka kutoka kusini yakaingia Kisii, na tarehe 12 mwezi huo risasi zililia katika vilima hivi vyetu. Vita ile iliendelea Afrika Mashariki kwa miaka minne. Majeshi yalileta farasi, nyumbu, punda na ng'ombe wa kukokota magari. Lakini mbung'o waliwauma wanyama hao, wakaugua na kufa kwa wingi ajabu. Je, vita vilisimama kwa sababu wanyama wamekufa? La. Mizigo ilihamishiwa vichwani mwa watu. Vijana walichukuliwa kutoka kila upande, na Abagusii wakiwamo, wakatiwa katika kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Jina hilo midomoni mwa watu likawa Kariokor huko Nairobi, na Kariakoo huko Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao hawakurudi kwao. Waliuawa na njaa, homa, kuhara na uchovu.

Mwaona, wapendwa? Mnyama alipoanguka, mzigo haukupotea. Ulihama tu, ukamwangukia mtu asiye na mtetezi.

Vita hiyo hiyo ilipokwisha, huko Misri jeshi la Waingereza liliuza maelfu ya farasi wake badala ya kuwarudisha nyumbani. Mwaka 1930 alifika Kairo mama mmoja, Dorothy Brooke, mke wa ofisa wa jeshi. Akakuta farasi hao wangali hai, sasa ni wazee, wengine vipofu, wengine vilema, mbavu zao zahesabika, wakikokota magari ya mawe. Angeweza kusikitika, akaenda zake. Lakini mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti moja la Uingereza, akaomba msaada, na fedha zikaja. Kwa miaka michache yeye na wenzake walinunua farasi wapatao 5,000. Wengi wao walikuwa wamevunjika mno hata tiba haikuweza kuwasaidia. Hao walilishwa, wakanyweshwa maji, wakalazwa kwa upole, maumivu yao yakakoma.

Lakini twapenda msikilize sana jambo alilojifunza mama huyo. Aliona ya kuwa mwenye farasi naye alikuwa maskini. Mtu yule hakumtesa mnyama kwa kuwa moyo wake ulikuwa wa jiwe. Alikuwa na watoto wa kulisha, na farasi mgonjwa ndiye mali yake peke yake. Ukimnyang'anya mnyama huyo, umeiacha nyumba bila chakula. Kwa hiyo mwaka 1934 alifungua hospitali ya wanyama katika Kairo, ambapo mnyama wa maskini alitibiwa bure, akapumzishwa, kisha akarudi kwa mwenyewe. Kazi hiyo ndiyo mpaka leo yaitwa kwa jina lake, Brooke, nayo ilienea hata ikafika kwetu Kenya.

Mama mwingine Mwingereza, Elisabeth Svendsen, mwaka 1969 alianzisha nyumba ya kuwatunza punda huko kwao. Alipofika Lamu aliona punda wa pwani, wale wanaobeba mawe, mchanga na mizigo ya majahazini katika vichochoro ambamo gari haliwezi kupita. Mwaka 1987 ikafunguliwa hapo Lamu zahanati ya punda, na wenye punda wakawa wakiwaleta kutibiwa bila malipo. Na sisi wenyewe Wakenya hatukukaa kimya. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kinachojulikana leo kama KSPCA, asili yake ni mwaka 1910. Tena lipo shirika la KENDAT, ambalo wataalamu wake Wakenya wamefanya kazi miaka mingi na wakulima na wenye mikokoteni ili punda avikwe lijamu isiyomkata na tandiko lisilomchubua.

Sasa fungueni Biblia zenu, kitabu cha Kutoka, sura ya 23, aya ya 5. Hapo tunaagizwa kwamba tukimwona punda wa mtu anayetuchukia ameanguka chini ya mzigo wake, tusipite kando, bali tumsaidie mtu huyo kumwinua. Angalieni vizuri. Agizo halisemi tumnyang'anye yule adui punda wake. Halisemi tusimame kando tumtukane kwa kumpakia mzigo mzito. Lasema tusaidiane naye, mikono yake na mikono yetu chini ya mzigo mmoja. Akiinuka punda, na mwenye punda ameinuka. Pengine na uadui wao wawili umepungua, maana ni vigumu kumchukia mtu mliyeinua mzigo pamoja naye.

Hiyo ndiyo kazi ya watu tunaowanena leo.

Tuje sasa kwetu. Katika vilima vya Kisii na Nyamira punda hubeba maji kutoka chemchemi zilizo bondeni, hubeba matofali, mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi. Twamwona kila siku, lakini ni wachache kati yetu wanaojua kwamba punda si mzaliwa wa nchi kama hii. Asili yake ni nchi kavu za pembe ya Afrika, penye mawe na jua. Manyoya yake hayazuii mvua kama yale ya ng'ombe. Maji hupenya mpaka ngozini, akapata baridi na kuugua. Kwato zake zimeumbwa kwa ardhi kavu, nazo zikikaa matopeni daima hulainika, huoza kwa ndani, na kutoa harufu mbaya. Na sisi hapa twapata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka! Basi punda aliyefungwa usiku kucha chini ya mgomba, pasipo paa, yuko katika mateso, ijapokuwa hajapigwa fimbo hata moja.

Mtumishi wa mifugo anayewatunza punda huanza hapo. Humwonyesha mwenye punda jinsi ya kujenga banda dogo lenye sakafu kavu. Huchukua kisu na tupa, akasafisha kwato na kuzikata zilizorefuka. Huangalia mgongo, maana mzigo ukilala juu ya uti wenyewe, ngozi huchubuka, kidonda huingia usaha, na kesho mzigo huwekwa papo hapo tena. Basi hufundisha kushona tandiko nene la magunia lililojazwa nyasi laini, lililogawanyika pande mbili, ili uzito ukae mbavuni na uti wa mgongo usiguswe. Huondoa kamba ya nailoni inayokata nyama, akaweka mkanda mpana wa kitambaa. Humpa dawa ya minyoo. Humchanja pia, kwani kuna ugonjwa ambao hata jina lake kwa Kiswahili limetoka kwa mnyama huyu: pepopunda. Jamaa ya farasi na punda huupata upesi kuliko wanyama wengine wengi, na mara nyingi huanza na kidonda kidogo cha msumari kwatoni.

Pia huwafundisha vijana wanaoswaga punda. Punda akisimama ghafula njiani, sisi husema ni mkaidi, na fimbo inapanda. Lakini waliomchunguza wanatuambia kwamba punda akiogopa jambo, hakimbii kama farasi. Husimama, akatazama na kufikiri. Twakumbuka punda wa Balaamu katika Hesabu sura ya 22. Alipigwa mara tatu kwa kusimama, kumbe alikuwa ameona hatari ambayo bwana wake, aliyekuwa nabii, hakuiona. Siku ile Mungu alikifungua kinywa chake akauliza sababu ya kupigwa. Punda wa Daraja Mbili hana kinywa hicho. Tena punda huficha maumivu yake. Hata akiwa na homa husimama kimya, na kwa sababu hiyo twadhani ni mzima mpaka siku anapoanguka. Hapana budi awepo mtu aliyejifunza kusoma masikio yaliyolala, macho yaliyofifia na mguu unaokwepa kukanyaga chini.

Wasikilizaji wapenzi, yalitokea mambo makubwa zaidi katika nchi yetu miaka michache iliyopita. Kuanzia mwaka 2016 vilifunguliwa nchini vichinjio vya punda, hatimaye vikawa vinne, huko Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Ngozi zilikuwa zikipelekwa China, ambako huchemshwa na kutengenezwa dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu kwamba tangu Aprili 2016 hadi Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Punda jike huchukua mimba ya karibu mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja tu. Wanaozaliwa hawawezi kamwe kuziba pengo la namna hiyo. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilionyesha punda takriban 1,800,000 nchini. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha chini kidogo ya 1,200,000.

Bei ya punda ilipanda, na wezi wakaingia kazini. Sehemu nyingi za Kenya watu waliamka asubuhi wakakuta kamba imekatwa, na huko kichakani mzoga uliochunwa ngozi.

Sasa fikirini mama mmoja wa huku vilimani. Kila asubuhi punda wake alileta mitungi minne ya maji ya lita 20, yaani kilo 80, kwa safari moja. Asubuhi ile hakuna punda. Watoto wanataka uji, na ng'ombe anangoja kunyweshwa. Atafanya nini? Atajitwika mtungi mmoja wa kilo 20, apande nao mlima, aushushe, arudi bondeni, na tena, na tena, mpaka mara nne. Au atamwita binti yake amsaidie, na binti atachelewa shuleni. Mzigo umehama, ndugu zangu, kama ulivyohama mwaka 1914. Umetoka mgongoni mwa punda ukaenda mgongoni mwa mama.

Hapo ndipo tulipowaona wale watumishi wa punda wakifanya kazi ambayo haikuandikwa katika vyeti vyao. Walikwenda vijijini wakawasaidia wenye punda kujiunga katika vikundi vya ulinzi. Walikusanya hesabu, wakaandika, wakabisha milango ya ofisi za serikali. Wenye punda wenyewe waliandamana Nairobi. Mnamo Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alitangaza kwamba uchinjaji huo umepigwa marufuku. Wenye biashara wakaenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku ile. Watumishi hawa wangeweza kukata tamaa. Hawakukata. Mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Hata hivyo, maneno ya mkutano hayamlindi punda usiku wa manane. Kazi ya kuyatia nguvu maneno hayo ingali ya watu wenye subira.

Basi twaweza sasa kulijibu lile swali la yule ndugu aliyecheka. Je, watu wamekwisha kuokolewa wote, hata tushughulike na punda? Ndugu, amwokoaye punda wa mama huyo, amemwokoa nani? Ameokoa mgongo wa mama, masomo ya binti, na uji wa watoto. Huwezi kuchora mstari katikati ya huruma ukasema huku ni ya watu na huku ni ya wanyama. Hata katika amri ya pumziko, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, punda ametajwa kwa jina pamoja na mtumwa na mgeni. Wote watatu ni wale wanaobeba mizigo ya wengine, na Mungu aliwaweka katika sentensi moja.

Ni jambo zito kuchagua kazi kama hii. Kijana aliyesoma matibabu ya wanyama angeweza kufuata ng'ombe wa gredi wa Borabu, maana mwenye ng'ombe wa maziwa ana fedha ya kumlipa daktari. Mwenye punda mara nyingi hana. Jamaa zake watamuuliza, "Tulikusomesha ili uwe daktari wa punda?" Atacheka pamoja nao, lakini neno hilo litamchoma. Kuna na siku atafika akiwa amechelewa, mguu umekwisha kuvunjika, na hana la kufanya ila kumpa mnyama kifo kisicho na maumivu, kisha aketi na mwenye punda anayelia. Tena aijua ile mithali nyingine, kwamba asante ya punda ni mateke. Kwake si mithali tu, maana ana makovu yake. Amefungua kidonda ili kukitibu, naye punda asiyejua nia yake amempiga teke. Kesho yake huamka akaenda kwa punda mwingine.

Twauliza, ni wangapi kati yetu waliotenda wema mwaka mmoja, wakapigwa teke moja la maneno, wakaacha? Tulimsaidia jirani, hakushukuru, tukaapa kutosaidia tena. Tulitumika kanisani, tukasemwa, tukakaa nyumbani. Watu hawa watufundisha kwamba huruma iliyo ya kweli ni kazi ya kila siku. Ina ratiba, ina dawa za kununua, ina matope ya kukanyaga, na haingoji asante.

Mithali yasema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani mzigo alioubeba mwingine, sisi twauona mwepesi. Heri mtu yule anayesogea karibu, akaweka mkono wake chini ya mzigo huo, akajua uzito wake.

Basi wapendwa, tufanye nini? Wewe mwenye punda, mjengee paa kabla ya masika. Lisiwe kubwa, mabati mawili na sakafu kavu yatosha. Mpe maji kabla ya kazi na baada ya kazi, na siku moja katika juma asibebe kitu. Chunguza mgongo wake leo kwa kiganja chako. Akisinyaa unapomgusa, usimpakie mzigo hapo, umwite mtaalamu. Wewe kijana mwenye fimbo, jua kwamba kumpiga na kumpakia punda kupita kiasi ni kosa mbele ya sheria ya Kenya, Sura ya 360. Na zaidi ya sheria, Mithali 12, aya ya 10, yatuambia kwamba mtu mwenye haki hutambulikana hata kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Nawe usiye na punda, ukimkuta wa jirani ameanguka kilimani, hata kama ni jirani mnayegombana naye juu ya mpaka wa shamba, usipite. Shika upande mmoja wa mzigo.

Na ninyi wazazi, mtoto wenu akisema ataka kuwatibu wanyama wa maskini, msimcheke. Mwombeeni, mkamsomeshe.

Mungu awabariki ninyi nyote, awape nguvu wale wanaoamka mapema kwa ajili ya viumbe visivyoweza kusema, na aibariki mikono inayoinua mizigo. Amina.